Je, Kupimwa Lopitali Kunaharibu Uzazi?

Hapa Mwadingusha bwana mmoja na bibi yake walikuja kwangu, pamoja na mama mkwe. Ndoa yao ilikuwa na miaka 4, na mtoto hakuna. Bibi alikuwa amekwenda lopitali ya mjini; wakamtia dawa ya maji ndani ya tumbo la uzazi na kumpiga picha ya radio. Alirudi na maumivu, akaona damu kidogo siku mbili. Toka hapo mama mkwe alisema neno moja tu: « Sasa wamemaliza kumharibu. » Alikwisha anza kumtafutia mwana wake bibi mwingine. Wakaniomba niseme kama ni kweli.

Wasomaji wengi wamesikia neno hilo, kwa maana kwetu kukosa mtoto hakufichiki. Zamani, ndani ya kambi za Union Minière, posho ilipimwa kwa hesabu ya watoto, na kila jirani alijua nyumba gani inabeba kikapu chepesi. Posho ile imekwisha, lakini jicho la jirani halijakwisha.

Kwanza tujue kipimo chenyewe. Tangu 1930 maji ya Lufira, yaliyozuiliwa mpaka yakawa ziwa la Tshangalele, hushuka kwa mabomba makubwa hata kwenye mashini ya umeme. Bomba likiziba, ziwa lijae namna gani, mashini yake itasimama. Ndani ya mwanamke mna mirija miwili, myembamba sana, ambamo yai la mke na mbegu ya mume hukutana. Ikiziba yote miwili, mimba haishiki, hata kama mengine yote ni mazima. Munganga husukuma dawa polepole, na picha inaonyesha kama imepita.

Ni nini kinachoziba? Mara nyingi ni kisonono au klamidia isiyotunzwa, au uchafu ulioingia wakati wa kuzaa au wa kutoa mimba. Hesabu ya watu iliyofanywa Kongo mwaka 1955 hata 1957 ilionyesha sehemu za Uele ambamo zaidi ya mwanamke 1 kati ya 5 alizeeka bila kuzaa hata mara moja. Wakati ule picha hizi hazikuwafikia wanawake wa vijijini. Waliozaa haba hawakuharibiwa na vipimo.

Tena kuna jambo la kushangaza. Dawa inayosukumwa ni ya namna mbili, ya maji na ya mafuta. Ile ya mafuta, Lipiodol, ilitengenezwa Paris mwaka 1901 na Marcel Guerbet, kwa mafuta ya mbegu za mpopi na iodi. Waganga wa Uholanzi walizilinganisha kwa wanawake 1119, katika lopitali 27, wakatoa habari mwaka 2017. Kati ya wanawake 100 waliopimwa kwa mafuta, karibu 40 walipata mimba iliyoendelea vizuri ndani ya miezi 6. Kwa maji, 29. Basi kipimo chenyewe kilisaidia! Lakini tusikimbie na habari hiyo. Wanawake wale hawakuwa na dalili za mirija iliyoharibika. Mrija ulioziba kabisa kwa ugonjwa wa zamani, mafuta hayaufungui. Na iodi yake yaweza kusumbua tezi ya shingo. Mwenye ugonjwa huo amwambie munganga mbele.

Mama mkwe hakuwa mjinga. Maumivu kama ya hedhi na damu kidogo huja kweli, nayo hupita. Lakini kwa wachache, zaidi wale waliougua mirija zamani, ugonjwa waweza kuamka tena, na huo ndio unaoharibu. Kwa hiyo wenye hatari hiyo hupewa antibiotiki, na mwenye ugonjwa wakati ule hapigwi picha hii. Siku zake ni baada ya hedhi kwisha, kabla yai halijatoka, ili isiguswe mimba changa. Homa ikija nyuma ya kipimo, arudi siku ile ile. Vipimo vya damu na ekografia, hivyo havipunguzi wala haviongezi kitu.

Kinachopunguza bila kelele ni kungoja. Yai la mwanamke huzeeka, zaidi baada ya miaka 35. Mwaka 1 bila mimba unatosha kwenda kupimwa. Aliyepita miaka 35 asingoje zaidi ya miezi 6.

Nikamgeukia bwana: « Na wewe, ulipimwa? » Akatazama chini. Hakuna aliyemwomba. Miaka 4 bibi amechomwa sindano na kupigwa picha, na mbegu ya mume haijatazamwa hata mara moja! Najua wengine wanasingizia Kanisa. Ni kweli, mwaka 1956 Papa Pius XII aliwakumbusha waganga wa mkutano wa Naples kwamba mbegu haipatwi kwa kujichafua. Lakini alikataa njia ile, si uchunguzi. Munganga aweza kuitafuta baada ya tendo la ndoa lenyewe. Mama mkwe alisikia yote, akakaa kimya kitambo, kisha akamwuliza mwana wake anakwenda siku gani. Nikamjibu kwa ajili yake: siku yoyote, bora ajizuie kwanza siku 2 hata 7.