Herufi Zinapogeuka Visanduku: Makosa ya Fonti katika Grafu za Kiisimu Baada ya Kuhuisha Programu

Utangulizi

Utafiti wa Kiswahili hauishii tena kwenye kalamu na kadi za maneno. Mwanafunzi wa fonolojia hupima urefu wa irabu kwa tarakilishi, mwanaleksikografia huhesabu maelfu ya maneno kwa dakika chache, na mwenzao wa fasihi huorodhesha mizani na vina vya tenzi nzima. Hatimaye wote huhitaji grafu ya kutia katika tasnifu. Wengi hutumia Matplotlib, ambayo ni maktaba ya programu, yaani mkusanyiko wa amri zilizokwisha kuandikwa, inayotumika pamoja na lugha ya kompyuta iitwayo Python. Iliasisiwa na John D. Hunter, mtaalamu wa nyurobiolojia nchini Marekani, aliyeitoa kwa umma mwaka 2003 na kuilea hadi alipofariki mwaka 2012. Haiuzwi, na bila shaka hiyo ni sababu moja ya kuenea kwake miongoni mwa wanafunzi.

Makala haya yanashughulikia tatizo moja tu linalowakumba watumiaji wa maktaba hiyo. Grafu iliyotoka vyema mwezi uliopita hubadilika pindi programu inapohuishwa, yaani inapowekwa toleo jipya, ilhali mtafiti hajagusa hata mstari mmoja wa msimbo wake. Alama ya ŋ huwa kisanduku kitupu. Maandishi yaliyokuwa membamba hunenepa. Onyo refu hujitokeza kwenye kioo na kutoweka kabla halijasomwa.

Kwa mhandisi, kisanduku kwenye lebo ni dosari ya macho tu, kwa kuwa mistari na nukta zake bado zinasema kilichokusudiwa. Kwa mwanaisimu, herufi ndiyo data yenyewe. Chukua jozi ya ngoa, kwa maana ya wivu au tamaa, na ng'oa, kwa maana ya kutoa kitu kilichoshikamana. Katika unukuzi wa kifonetiki, la kwanza huanza kwa [ŋɡ] na la pili kwa [ŋ] peke yake. Iwapo mwanafunzi aliyebanwa na tarehe ya kuwasilisha tasnifu ataifuta ŋ inayomsumbua na kuandika 'ng' ili grafu itoke, atakuwa amefuta upambanuzi aliokusudia kuuthibitisha. Atakuwa amebadilisha dai lake la kifonolojia ili kuiridhisha mashine, na hakuna mtahini atakayejua kwamba sababu ilikuwa fonti.

Jina, faili na umbo

Ili kulitatua tatizo hili, sharti kwanza tuelewe kwamba tarakilishi haihifadhi umbo la herufi bali nambari yake. Katika mfumo wa Unicode, ŋ ni nambari 331. Mtafiti anapoitaka grafu iandikwe kwa fonti fulani, hutaja jina, mathalani "Charis SIL". Programu hulitafuta faili lenye jina hilo, kisha ndani ya faili hutafuta umbo la nambari 331. Mnyororo huu unaweza kukatika mahali tofauti, na dawa ya mahali pamoja haifai kwa pengine. Wanaohangaika kwa siku nzima aghalabu ni wale wanaosakinisha fonti mpya ilhali fonti ipo tayari, au wanaofuta na kusakinisha programu upya ilhali jina ndilo limeandikwa vibaya.

Onyo linaloanza kwa neno "findfont" huhusu jina. Programu inasema haijaiona fonti iliyotajwa na imechukua nyingine, ambayo kwa kawaida ni DejaVu Sans. Mfano mashuhuri ni wa toleo la 2.0, lililotoka mwaka 2017. Hadi wakati huo fonti ya msingi ilikuwa Bitstream Vera Sans. Katika toleo hilo ikawa DejaVu Sans, iliyotokana na ile ya kwanza lakini yenye maumbo mengi zaidi, yakiwemo ya alama za kifonetiki. Kwa wanafonetiki hiyo ilikuwa heri. Hata hivyo, misimbo iliyoitaja Bitstream Vera Sans kwa jina ilianza kulalamika, kwa kuwa fonti hiyo haikuwamo tena. Waliokuwa wameacha jina bila kulitaja hawakuonywa lolote. Walikuta tu kwamba lebo zao zimebadilika sura.

Hali kadhalika, mtu huweza kuhama kutoka Windows hadi Linux wakati uleule anapohuisha. Times New Roman, ambayo idara nyingi huidai katika tasnifu, haiji na mifumo mingi ya Linux. Msimbo ni uleule na data ni ileile, ila faili halipo. Anayeruhusiwa atumie Liberation Serif, ambayo upana wa herufi zake ulilinganishwa makusudi na ule wa Times New Roman, hivyo lebo hazitahama.

Kuna pia wanaonakili mafaili ya fonti na kuyatia ndani ya kabrasha la Matplotlib lenyewe. Njia hii hufanya kazi hadi siku toleo jipya la Python litakapowekwa na kuja na kabrasha lake jingine. Faili la mipangilio liitwalo matplotlibrc nalo, likihaririwa mle mle ndani ya programu, hufutwa na kuandikwa upya kila usakinishaji. Nakala ya mtumiaji inapaswa kukaa katika kabrasha lake binafsi la mipangilio, nje ya programu. Kwa fonti ni bora kutumia amri ya font_manager.fontManager.addfont, iliyopatikana tangu toleo la 3.2, na kuipa njia ya faili lilipo. Fonti huambatana hivyo na msimbo wa utafiti, wala haitegemei kilichosakinishwa kwenye mashine ya nani.

Orodha ya akiba

Huenda fonti ipo, jina limeandikwa sawasawa, na bado programu ikashikilia kwamba haioni kitu. Hapa mshukiwa mkuu ni orodha ya akiba. Matplotlib haipekui tarakilishi nzima kila inapochora. Hupekua mara moja, ikaandika orodha ya fonti ilizoziona, na tangu hapo ikaitegemea orodha hiyo. Fonti iliyosakinishwa baadaye haimo, na iliyohamishwa huendelea kutajwa mahali isipokuwapo.

Dawa yake ni nyepesi. Amri ya matplotlib.get_cachedir() hutaja kabrasha la akiba. Ndani yake mna faili ambalo jina lake huanza kwa fontlist-v na nambari. Lifute, funga Python, ifungue tena. Orodha mpya itaandikwa yenyewe. Watu wengi husahau kule kufunga, wakadhani dawa imeshindwa, kumbe orodha ya zamani ingali katika kumbukumbu ya programu inayoendelea. Zamani palikuwa na amri ya font_manager._rebuild() iliyofanya kazi hiyo, na bado inarudiwarudiwa katika maelekezo mengi. Jina lililotanguliwa na kistari cha chini katika Python huashiria kitu cha ndani ambacho waundaji hawakuahidi kukidumisha, na kweli hawakukidumisha. Anayeiita katika matoleo ya sasa huambulia kosa jingine juu ya lile la kwanza.

Kisa cha jina lililodhaniwa kuwa sifa

Wanafunzi wa semantiki watapendezwa na kisa hiki. Katika miaka ya 2010 watumiaji wengi wa Matplotlib walikuta kwamba kila wanapoomba Times New Roman wanapewa herufi nene, hata wakisisitiza kwamba wanataka za kawaida. Fonti haikuwa na kasoro yoyote. Ili kujua unene wa fonti, programu ililikagua jina lake kamili ikitafuta maneno yanayotaja unene, na katika kamusi yake ya maneno hayo neno "roman" lilikuwamo, kwa kuwa baadhi ya waundaji fonti hulitumia kutaja maandishi ya kawaida. Basi kila aina ya Times New Roman, nyembamba kwa nene, ilipewa kipimo kilekile cha unene, na programu ikakosa namna ya kuzitofautisha. Ni kama karani anayemwandika Bwana Mrefu kuwa ni mtu mrefu kwa kuwa jina lake linasema hivyo.

Walioelewa chanzo waliliondoa neno hilo kwa amri ya del font_manager.weight_dict['roman'], kisha wakaiandika upya orodha ya akiba. Baadaye namna ya kukadiria unene iliandikwa upya na kasoro hiyo ikaondoka. Aliye na amri hiyo katika msimbo wake wa zamani sasa aifute, maana imebaki kuwa kibandiko juu ya kidonda kilichopona.

Umbo linapokosekana

Onyo la aina ya pili hutaja nambari na kusema kwamba umbo lake halimo katika fonti. Hapa faili limepatikana. Kilichopungua ni herufi. Nambari hiyo ni msaada mkubwa ikisomwa. Ikiwa ni 331, ni ŋ. Ikiwa ni 297 au 361, ni ĩ au ũ, zinazohitajika na yeyote anayelinganisha Kiswahili na Kikuyu au Kikamba. Ikiwa ni 8722, si herufi kamwe bali alama ya kutoa kwenye mhimili, na tiba yake ni kuweka axes.unicode_minus kuwa False ili kistari cha kawaida kitumike badala yake. Kisanduku chenyewe waundaji fonti hukiita tofu, kwa kufanana na kile chakula cheupe cha soya. Ndiyo asili ya jina la fonti za Noto za Google, kwamba pasiwe na tofu.

Tangu toleo la 3.6, lililotoka mwaka 2022, mtumiaji anaweza kutaja fonti kadhaa kwa mpangilio, na programu ikichukua kutoka ya pili umbo lisilokuwamo katika ya kwanza. Mathalani, lebo ziandikwe kwa Times New Roman, na alama zisizopatikana humo zitoke katika Charis SIL au Doulos SIL, fonti za bure zilizoundwa kwa ajili ya wanaisimu. Kabla ya toleo hilo orodha kama hiyo ilikubaliwa pia, ila maana yake ilikuwa nyingine: fonti ya kwanza kupatikana ilitumika kwa kila kitu, na nyingine zikapuuzwa. Kwa hiyo msimbo ulioandikwa kwenye tarakilishi mpya ya nyumbani utatoa visanduku kwenye ya zamani ya maabara, pasipo kosa la mwandishi.

Nambari 771 inastahili neno la ziada. Ni kiwimbi kinachopachikwa juu ya herufi iliyotangulia. Herufi ĩ inaweza kuandikwa kwa nambari moja, 297, au kwa mbili, i na 771. Kwa jicho ni kitu kimoja. Kwa fonti na kwa hesabu ya maneno ni vitu viwili. Amri ya unicodedata.normalize yenye chaguo la 'NFC' huziunganisha, na ifanywe kwenye data kabla ya kuhesabu chochote. Vivyo hivyo kwa kiapostrofi cha ng', ambacho hupigwa wima katika baadhi ya maandishi na kupindwa katika mengine. Grafu yenye mihimili miwili ya "ng'ombe" haina tatizo la fonti hata kidogo, na kubadilisha fonti kutauficha tu uchafu wa data.

Makosa yasiyotoa onyo

Yaliyotajwa hadi sasa yana heri moja: yanajitangaza. Anayeandika kuhusu miswada ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu hana bahati hiyo. Fonti ya DejaVu Sans ina maumbo ya msingi ya Kiarabu, hivyo hapana onyo. Hata hivyo, kwa miaka mingi, na katika matoleo ambayo bado yamo katika tarakilishi nyingi, Matplotlib imekuwa ikiichora kila herufi peke yake na kuzipanga kutoka kushoto kwenda kulia. Neno hutoka limevunjika na kugeuzwa kinyume, na msomaji asiyejua hati hizo hataona kasoro. Suluhisho lililozoeleka ni kulipitisha neno kwanza katika maktaba mbili ndogo: arabic_reshaper, inayoziunga herufi, na python-bidi, inayozipanga upya. Anayehuisha akague, kwani toleo linaloziunga herufi lenyewe likikutana na maneno yaliyokwisha kupangwa litayageuza tena.

Kimya pia ni ule ubadilishaji wa fonti unaotokea wakati grafu hamsini zinachorwa kwa mkupuo na onyo likapotea katika mistari mingine. Kwa hili kuna amri ambayo ningependa kila mtafiti aizoee: font_manager.findfont("Charis SIL", fallback_to_default=False). Fonti ikiwapo, jibu ni njia ya faili lake. Isipokuwapo, kazi yote husimama, badala ya kuendelea na fonti isiyoombwa. Ikae mwanzoni mwa msimbo.

Suala la mwisho huzuka grafu inapotoka mikononi mwa mwandishi. Katika PDF, Matplotlib hutia fonti kwa namna iitwayo Type 3, ambayo baadhi ya wachapishaji huikataa, kuweka pdf.fonttype kuwa 42 hulimaliza jambo hilo. Katika SVG, herufi huchorwa kama mistari, na kwa hiyo huonekana sawa kokote. Anayeweka svg.fonttype kuwa 'none' ili maandishi yaharirike ajue kwamba msimamizi wake asiye na Charis SIL ataona fonti nyingine. Kabla ya kumtumia sura nzima, mchoree grafu moja yenye kila alama ya tasnifu yako, kuanzia ŋ, ɲ, ʃ, θ, ð, ɣ, ɓ na ɗ hadi alama ya kutoa, umwombe aifungue kwenye mashine yake. Na uichore tena kila unapohuisha programu.