Kati ya « imenunua » na « inasemekana imenunua »: tetesi za injini katika Formula 1

Mwishoni mwa Julai 2022 nilimponza baba mdogo. Ana gereji ndogo katika komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, na Jumapili za mashindano ya Formula 1 gereji hiyo hugeuka kuwa baraza. Siku moja nilisoma kwenye simu habari moja ya Kifaransa, nikawatangazia wote waliokuwapo: « Porsche imenunua nusu ya Red Bull. » Baba mdogo aliniamini kwa sababu mimi ndiye msomi wa lugha nyumbani. Akairudia habari ile kwa kila mteja, mwishowe akaweka dau la kreti ya bia. Tarehe 9 Septemba, Porsche ilitangaza kwamba mazungumzo yamekwisha bila mapatano. Baba mdogo alilipa kreti yake, kisha akaniuliza: « Mutoto wangu, kule unasomaka luga ao unasomaka bongo? »

Swali hilo halijaniacha. Katika makala haya ningependa kueleza mambo mawili: kwa nini tetesi za injini ni nyingi hivyo, na kosa langu lilikuwa wapi hasa.

Kwa nini injini huzaa tetesi

Katika Formula 1 kila timu hubuni gari lake, lakini si lazima itengeneze injini. Mwaka 2024 timu zilikuwa 10, na watengenezaji wa injini 4 tu. Mercedes ilihudumia timu 4, Ferrari 3, Honda 2, na Renault ilibaki na timu moja, yaani Alpine, iliyo yake yenyewe. Watengenezaji wakiwa wachache hivyo, mmoja akisogea, majirani nao husogea. Septemba 2017 McLaren iliachana na Honda ikachukua injini ya Renault. Toro Rosso, iliyokuwa na Renault, ikachukua Honda. Na dereva Carlos Sainz akatoka Toro Rosso kwenda timu ya Renault. Uamuzi mmoja ulihamisha injini mbili na mtu mmoja.

Sababu ya pili ni muda. Injini haivaliwi kama shati. Mifumo ya kupoza, giaboksi na umbo la sehemu ya nyuma ya gari hupangwa kwa kuifuata injini, kwa hiyo uamuzi huchukuliwa mapema sana. Kanuni za injini za mwaka 2026, ambazo zinataka karibu nusu ya nguvu itoke kwenye umeme, zilipitishwa Agosti 2022. Kati ya uamuzi na tangazo hupita miezi, pengine miaka, na katika muda huo siri inajulikana na wahandisi, wanasheria, watu wa benki na wafanyakazi wa kiwandani. Wakubwa hunyamaza, wadogo hunong’ona. Sisi wa Lubumbashi hatuhitaji kufundishwa jambo hilo: kila TP Mazembe inapotafuta mchezaji, redio trotwari humsajili kabla ya klabu.

Hati kutoka Moroko

Tetesi ya Porsche haikuanzia mtaani. Mwezi Mei 2022 Herbert Diess, aliyekuwa mkuu wa Volkswagen, kundi lenye Porsche na Audi, alisema hadharani kwamba chapa hizo mbili zinakusudia kuingia Formula 1. Mwishoni mwa Julai ikaonekana hati ya Baraza la Ushindani la Moroko. Kwa nini Moroko? Kwa sababu kampuni kubwa zinapotaka kuungana, huomba ruhusa kwa ofisi za ushindani katika nchi mbalimbali zinakofanya biashara. Hati hiyo ilieleza mpango wa Porsche wa kuchukua asilimia 50 ya shughuli za Red Bull za Formula 1.

Kwa hiyo chanzo kilikuwa rasmi. Lakini kilikuwa rasmi kuhusu nini? Kuhusu ombi. Aliyepeleka barua ya posa bado hajaoa. Mwezi Septemba Porsche ilieleza kwamba ilitaka ushirikiano wa usawa, unaogusa injini na timu pia, na kwamba haukupatikana. Februari 2023 Red Bull ikatangaza kwamba mwenzake wa mwaka 2026 atakuwa Ford. Audi, iliyotajwa siku ile ile na kinywa kile kile cha Diess, ilitangaza rasmi kuingia tarehe 26 Agosti 2022, huko Spa, Ubelgiji. Kauli moja ilizaa watoto wawili, mmoja akaishi.

Kosa lilikuwa la sarufi

Mwandishi wa Kifaransa hakusema uongo. Aliandika « aurait acquis », na msomaji wa Kifaransa huelewa mara moja: simulizi hii siyo yangu, naipokea kwa wengine. Mimi nikatafsiri « imenunua ». Kiambishi -me- hakina mlango wa kutokea. Kinasema jambo limetendeka.

Wenzangu kadhaa darasani hutumia -nge- kwa sababu vitabu vyetu huiweka sambamba na conditionnel. Hilo nalo ni kosa. Ukiandika « Porsche ingenunua nusu ya Red Bull », msomaji wa Kiswahili anangoja sharti: ingenunua kama nini? Tena anasikia kwamba haikununua. Umetoka kwenye tetesi ukaingia kwenye majuto.

Kiswahili kina vyombo vyake. « Inasemekana » hupeleka habari bila kumtaja msemaji. Inafaa, ila humficha yule tunayemtaka. « Inadaiwa » huonyesha kwamba kuna mtu anayedai na kwamba dai lake halijathibitika. « Huenda » ni makisio ya mwandishi mwenyewe. « Eti » humwambia msomaji kwamba wewe mwenyewe huamini. Na mara nyingi tafsiri bora ni ndefu kidogo: « Kwa mujibu wa hati ya Baraza la Ushindani la Moroko, Porsche inakusudia kununua. » Ningesema hivyo, kreti ingebaki gerejini.

Tetesi na mkate wa watu

Kreti ya bia ni hasara ndogo. Mwaka 2024 ilivuma kwamba Renault itaacha kutengeneza injini za Formula 1 na kwamba Alpine itanunua za Mercedes. Kwa mashabiki hiyo ilikuwa burudani. Kwa wafanyakazi wa Viry-Châtillon, karibu na Paris, ambako injini hizo zilitengenezwa, ilikuwa kazi yao. Mwishoni mwa Agosti waligoma, na baadhi yao walikwenda hadi Monza, Italia, kuonyesha upinzani wao wakati wa mashindano. Tarehe 30 Septemba Renault ilithibitisha kwamba itaacha. Novemba, Alpine ikatangaza Mercedes kuanzia mwaka 2026. Hapa redio trotwari ilisema kweli.

Ndiyo maana sisemi tuzipuuze tetesi. Nasema tuzipime. Nani amesema, na atapata nini tukimwamini? Je, anazungumzia nia, ombi, mkataba au tangazo? Hivyo ni vitu vinne, na Kiswahili kina kitenzi kwa kila kimoja: kukusudia, kuomba, kutia saini, kutangaza. Wengi wetu tutakuwa walimu, wakalimani au waandishi wa habari, na wapo watakaotuamini kama baba mdogo alivyoniamini.

Habari ya Alpine ilipovuma, nilimfikishia pia. Nikamwambia: « Inadaiwa Renault inakusudia kuacha, na wafanyakazi wanapinga. » Akafuta mikono kwa kitambaa, akaniuliza: « Inadaiwa na nani? » Nilikuwa na jibu. Hata hivyo, dau hakuweka.