Vidonge Vinavyotoa Dawa Polepole na Saumu ya Mgonjwa

Sifa njema zote zinamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Masahaba zake.

Kila inapokaribia Ramadhani huulizwa misikitini: mtu aliyemeza wakati wa daku kidonge kinachoendelea kutoa dawa mchana kutwa, je, saumu yake inasihi? Yapasa kwanza kukijua kidonge chenyewe, kwani hukumu ya jambo hufuata kulifahamu.

Kidonge cha kawaida hutoa dawa yote kwa muda mfupi. Cha polepole huitoa kwa saa 12 au 24, nacho kina namna zake. Kwanza, dawa huchanganywa na kitu ambacho kikipata maji huvimba kikawa kama ute mzito, nayo dawa ikapenya humo kidogo kidogo. Vidonge vingi vya metformini ya polepole, wanavyopewa wenye kisukari, viko hivyo. Pili, kapsuli yenye chembe ndogo ndogo, kila chembe imefunikwa utando. Tatu, kidonge chenye ganda gumu na tundu dogo sana: maji hupenya gandani yakaisukuma dawa itoke tunduni. Baadhi ya vidonge vya nifedipini, dawa ya presha, ni vya namna hii. Ganda lake hutoka na choo likiwa zima. Mgonjwa asidhani dawa haikufanya kazi akameza nyingine.

Basi vidonge hivi humezwa vizima kwa maji. Havitwangwi wala havitafunwi, na havikatwi ila mfamasia akisema chaweza kukatwa kwenye mstari wake. Kikitwangwa, dawa ya siku nzima humwagika mwilini kwa mara moja: presha huweza kuporomoka, na kwa dawa kali za maumivu kama mofini, pumzi huweza kukatika. Anayemhudumia mzee asiyeweza kumeza na aombe dawa ya aina nyingine. Herufi kama SR, XR, MR au LA kwenye pakiti ni alama ya kujihadhari.

Ama katika fiqhi, madhehebu ya Imam Shafii yasema kinachobatilisha ni kitu kuingia ndani ya mwili kwa njia iliyo wazi, kwa kusudi, wakati wa saumu. Kidonge kilichomezwa kabla ya alfajiri kimeingia usiku. Kuyeyuka kwake mchana ni sawa na chakula cha daku kinachosagwa tumboni. Saumu inasihi.

Kwetu Afrika Mashariki, mchana wa saumu ni saa 13 hadi 14, na kati ya futari na daku ni kama saa 10. Dawa ya mara tatu kwa siku haiingii vizuri humo. Tabibu aweza kuibadili iwe ya polepole, ya mara moja au mbili. Mgonjwa asibadili mwenyewe, wala asimeze dozi mbili pamoja kwenye futari kufidia ya mchana.

Na tabibu muadilifu akisema saumu itamdhuru, ruhusa iko wazi katika Surat al-Baqara, aya ya 184 na 185. Atalipa siku nyingine. Na asiyetarajiwa kupona atatoa fidia ya kibaba kwa kila siku. Kuipokea ruhusa ya Mola ni utiifu pia. Maimamu na wayabainishe haya tangu Shaabani, mgonjwa apate muda wa kumwona tabibu.

Wallahu aalam.