Lenzi Tatu za Mjomba: Ipi Ibaki Nyumbani?

Siku tulipomaliza matanga ya marehemu mjomba, wazee wa ukoo walikaa kivulini, nyuma ya nyumba, kugawa vitu vyake vichache. Ndugu msomaji aliyeishi Morogoro anafahamu kwamba kwa Waluguru ukoo hufuatwa kwa upande wa mama, na mpwa ana haki yake mbele ya mali ya mjomba. Mashamba yalikwisha kusemwa. Kitanda, redio na baiskeli vilipata wenyewe. Mwishowe ukaletwa mkoba mmoja wa ngozi, mweusi, uliochakaa pembeni, nao ukawekwa miguuni pangu.

Ndani mlikuwamo kamera ya Praktica pamoja na lenzi tatu. Nilinyosha mkono kuushika mkoba kama mtu aliyekwisha kurithi, lakini mzee mmoja akanizuia kwa upole. Akanikumbusha kwamba bibi yetu, mama mzazi wa marehemu, analala Choma, juu kwenye njia ya kwendea Morningside, chini ya mabati yaliyotoboka, na kwamba masika hayamsubiri mtu. Basi baraza likaamua hivi: kamera na lenzi moja vibaki kwangu kwa ukumbusho, lenzi mbili ziuzwe, na fedha zake zinunue mabati ya bibi. Nilipewa miezi miwili kuchagua.

Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wengi ambao wana kamera ya zamani kabatini, urithi wa baba au wa shangazi, na hawajui waianzie wapi.

KWA NINI LENZI YA KAWAIDA

Zote tatu zilikuwa za aina iitwayo lenzi ya kawaida, yaani ile isiyovuta mbali wala kupanua mandhari. Filamu ya milimita 35 hutoa picha yenye upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Ukipima kutoka pembe hadi pembe utapata kama milimita 43. Lenzi yenye urefu unaokaribia kipimo hicho huonyesha vitu kwa uwiano usioshangaza macho. Oskar Barnack, fundi wa Kijerumani aliyebuni kamera ya Leica iliyotolewa hadharani mwaka 1925, aliiwekea lenzi ya milimita 50, na tangu hapo kipimo hicho kikawa desturi ya dunia nzima. Mfaransa Henri Cartier-Bresson alizunguka nchi nyingi za ulimwengu akitumia zaidi lenzi ya milimita 50, naye akahesabiwa miongoni mwa wapiga picha wakubwa wa karne iliyopita.

Simu nyingi za mkononi za siku hizi zina lenzi kuu iliyo pana zaidi. Ndiyo maana uso wa mtu ukipigwa kwa karibu pua huonekana imetangulia na masikio yamerudi nyuma. Lenzi ya kawaida humlazimisha mpiga picha asimame hatua moja au mbili mbali, umbali ule ule ambao watu wenye heshima husimama wakizungumza.

WAGOMBEA WATATU

Ya kwanza ilikuwa Helios 44-2 ya milimita 58, iliyotengenezwa katika Umoja wa Kisovyeti na kuenezwa duniani pamoja na kamera za Zenit. Umbo lake la vioo lilifuata lenzi ya Biotar ya kiwanda cha Zeiss cha Jena. Ya pili ilikuwa Pentacon ya milimita 50, ya iliyokuwa Ujerumani ya Mashariki, ndugu wa kamera yenyewe. Ya tatu ilikuwa Takumar ya milimita 55, ya Asahi Pentax ya Japani, iliyofanyiwa kazi kwa ustadi hata pete yake ikizungushwa hukudhani chuma kinagusa chuma.

Ijapokuwa zilitoka nchi tatu zenye siasa mbalimbali, zote hufungwa kwenye kamera kwa kuzungushwa kama skrubu, kwa kipenyo cha milimita 42. Zote zina vioo sita ndani. Zote huhitaji mkono wa mwanadamu: hakuna betri inayolenga, hakuna injini inayonong'ona. Wewe wachungulia, wazungusha pete, na taswira iliyofifia inajikusanya polepole mpaka inasimama wazi.

Palikuwa na jambo moja la kusikitisha. Nilipopitisha mwanga wa tochi ndani ya ile Pentacon niliona nyuzi nyembamba, mithili ya utando wa buibui, zimeanza kutambaa ukingoni mwa kioo.

UKUNGU WA MLIMA, UKUNGU WA LENZI

Lugha yetu imelipa neno moja mambo mawili. Ukungu ni ule unaoshuka alfajiri kutoka Lupanga, mlima unaopita mita 2,100 na unaousimamia mji wa Morogoro kama mlinzi. Ukungu pia ni ule unaoota juu ya mkate, juu ya viatu, na juu ya lenzi. Wa kwanza humlea wa pili. Milima ya Uluguru huzuia pepo zenye mvuke zitokazo Bahari ya Hindi. Mvua zake huulisha Mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa hadi Dar es Salaam. Baraka hiyo ya unyevu ni adui wa vioo. Ukungu ukikaa muda mrefu hula ile rangi nyembamba iliyopakwa juu ya kioo, na baadaye kioo chenyewe, na hapo fundi hana tena la kufanya.

Marehemu mjomba alifanya kosa ambalo wengi wetu hulifanya kwa nia njema: aliitunza lenzi kwa kuifungia. Mkoba wa ngozi hunyonya unyevu na kuushika. Mahali pema ni kopo la plastiki lenye kifuniko kikazacho, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyowekwa katika maboksi ya viatu na dawa. Mchele usiumimine humo, maana vumbi lake huingia kwenye pete. Tena, lenzi ipate kutolewa na kutumiwa mara kwa mara. Ukitaka kuiweka nje ipate mwanga, usiiache juu ya meza ya mbao au karibu na karatasi, kwani jua likipita katika vioo vyake huweza kuwasha moto.

MAJARIBIO

Niliagiza filamu tatu kutoka Dar es Salaam, nyeusi na nyeupe, za picha 36 kila moja, moja kwa kila lenzi. Kuzisafisha nilijua mwenyewe, maana ndiyo kazi ambayo mjomba alinifundisha tangu nikiwa mwanafunzi.

Asubuhi ya kwanza nilipiga picha ya Lupanga kutoka mjini, kwa kila lenzi, kwa tundu namba 8. Hapa yafaa nieleze kidogo. Tundu la lenzi ndilo mlango wa mwanga. Kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo mlango unavyofunguka zaidi: namba 2 ni mlango wazi, namba 16 ni mlango uliosindikwa. Filamu zilipokauka nilizitazama kwa kioo cha kukuzia nusu saa nzima. Kwa mlima ule wa mbali, kwa tundu lile, sikuweza kuzitofautisha. Ukimwona mtu anaapa kwamba lenzi yake pekee ndiyo ijuayo mlima, muulize kwanza alitumia tundu gani.

Jumamosi nilikwenda Soko Kuu la Kingalu. Akina mama walikuwa wameteremka na ndizi, mboga na viungo vya milimani. Sokoni mkono wa kuzungusha pete huchelewa. Uso uliotaka kuupiga umekwisha kugeuka. Dawa yake ni kuilenga lenzi kabla ya wakati. Niliweka tundu namba 11, nikaiwekea pete alama ya mita 3. Kwa lenzi ya milimita 50 mpango huo hufanya kila kilicho kati ya mita 2 na robo na mita 5 hivi kitoke wazi bila kugusa tena kitu chochote. Katika jua kali la mchana, kwa filamu ya wepesi 100, mwendo wa shata ni moja ya 250 ya sekunde. Halafu kazi inayobaki ni adabu: kusalimu, kuomba ruhusa, na kununua angalau fungu moja la mchicha.

Sokoni Helios iliniangusha. Pete zake za tundu ni mbili, moja ya kuchagua namba na nyingine ya kufungua na kufunga, na mara tatu nilisahau kufunga. Lenzi haikuwa na kosa. Mkono wangu ndio haukuizoea.

MLANGONI KWA BIBI

Jumapili nilipanda Choma. Bibi alikuwa ameketi kizingitini, anachambua maharage ndani ya ungo. Picha yake pekee tuliyokuwa nayo ni ile ndogo ya kitambulisho, ambamo amekodoa macho kama mtu anayetazama gari likimjia. Nikamwambia, "Shikamoo bibi, leo nimekuja kukupiga picha." Akajibu, "Marahaba mjukuu wangu. Nipige, ila usinisimamishe kazi."

Nilianza na Helios. Nilikuwa nimesikia sifa zake, kwamba ikifunguliwa namba 2 majani ya nyuma huzunguka kama maji ya kisima yaliyokorogwa. Nikamsogelea mpaka sentimita 70, migomba ikiwa nyuma yake. Sikukumbuka hesabu moja muhimu: kwa umbali ule na tundu lile, unene wa eneo linalotoka wazi haufiki sentimita 2. Bibi alipoinamisha kichwa kidogo tu, ukali uliokuwa machoni ukahamia puani.

Kwa Takumar nilifanya vizuri zaidi. Kila mkunjo wa shavu ulitoka. Kwa Pentacon, lenzi yenye ukungu, nilirudi nyuma mpaka mita moja na nusu nikafunga tundu hadi 5.6, hasa kwa kuogopa ule utando. Hapo eneo la ukali lilipata unene wa sentimita 30: uso, mabega, mikono na ungo vyote vikaingia.

Juma lililofuata nilimpelekea picha tatu, kila moja ya ukubwa wa sentimita 13 kwa 18. Aliishika ya Helios akacheka: "Huyu ni mimi nimelala." Ya Takumar akaitazama akaiweka chini: "Huyu ni mimi mgonjwa, mnanitazama." Ya Pentacon akaishika muda mrefu, akagusa kwa kidole mahali pa mikono yake, akasema, "Hapa niko kwangu."

UAMUZI

Nilibaki na Pentacon. Nakiri kwamba sababu hazikuwa za upendo peke yake. Vijana wapigao picha za harusi wananunua tena lenzi hizi kuukuu, wakizifunga kwa adapta kwenye kamera zao za kidijitali, na kwao Takumar na Helios zina soko. Pentacon yenye ukungu ingepata bei ya chakula cha mchana. Zile mbili ziliuzwa kwa siku moja. Mabati yakapanda Choma vichwani mwa vijana wa ukoo, na bibi akalala pakavu mvua za kwanza zilipoanza. Ukungu wa Pentacon fundi aliusafisha. Limebaki doa dogo ukingoni, ambalo sijapata kuliona katika picha yoyote.

Kwa msomaji anayetaka kuchagua lenzi moja, nashauri haya. Mulika tochi ndani yake utafute ukungu. Zungusha pete ya kulenga mwanzo hadi mwisho. Isikwame wala isilegee. Fungua na ufunge tundu, utazame kama visahani vyake ni vikavu, maana mafuta huvigandisha. Soma ni karibu kiasi gani inaweza kulenga. Pentacon yangu hufika sentimita 33, nayo hufaa kwa mtoto mchanga na kwa ua. Ukinunua adapta, kumbuka kwamba katika kamera za kidijitali zenye kitambuzi kidogo, lenzi ya milimita 50 huona kama ya 75 hivi. Halafu ukishachagua, usibadili-badili. Pete za Nikon, kwa mfano, huzungushwa kinyume na za Canon, na vidole vinavyofundishwa pande mbili havijifunzi hata mmoja. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka.

Bibi alifariki mwezi Mei, masika yakielekea kwisha. Nilikuwa nimejiahidi kupanda tena kumpiga picha nyingine, ile ya Helios iliyoharibika ikiwa bado inanisumbua, lakini barabara ilikuwa tope na kazi zilikuwa nyingi. Siku ya arobaini, picha ya kizingitini ilitundikwa ukutani chini ya mabati mapya. Watoto wadogo wasiomfahamu vizuri waliuliza anafanya nini pale, na mama yangu akawajibu kwamba anachambua maharage, na akaanza kuwasimulia.

Ndugu msomaji, kama kamera ya nyumbani kwenu imo kabatini, itoe leo Jumapili. Usingoje lenzi bora kuliko hiyo uliyo nayo. Mzee wako yupo mlangoni, na mwanga wa saa kumi ni mzuri.