Kisomeo na Kiendeshaji: Istilahi na Utatuzi wa Hitilafu za Diski Pepe katika Mifumo ya Zamani

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jambo moja la kiufundi pamoja na jambo moja la kiisimu, kwa kuwa mambo hayo mawili hayatenganiki. La kiufundi ni namna ya kutafuta hitilafu pale programu ya diski pepe inapokataa kufanya kazi katika kompyuta yenye mfumo wa zamani. La kiisimu ni kwamba istilahi zetu za Kiswahili katika uwanja huu zina utata unaoweza kumfanya mtumiaji apoteze kazi zake zote.

Tumchukulie, kwa mfano, mwalimu wa sekondari huko Buleusa, katika eneo la Walikale, Kivu Kaskazini. Katika sehemu za Walikale na Masisi, Kiswahili huwaunganisha wasemaji wa Kinyanga, Kihunde, Kinyarwanda na lugha nyinginezo, ilhali Kifaransa ndicho lugha rasmi ya dola na ya shule. Kompyuta ya mwalimu huyu ni mtumba yenye Windows XP au Windows 7, na menyu zake zimeandikwa kwa Kifaransa. Intaneti ni ya shida, hivyo kamusi na masomo humfikia yakiwa yamenakiliwa katika fleshi kutoka mjini. Yamkini akifungua fleshi hiyo ataona faili moja tu kubwa, lenye jina linaloishia na herufi ISO.

2.0 Diski Pepe ni Nini?

Faili la namna hiyo ni taswira ya diski: yaliyomo yote katika CD au DVD, kipande baada ya kipande, yamewekwa ndani ya faili moja. Jina ISO limetokana na kanuni ya kimataifa ya ISO 9660, iliyotolewa mwaka 1988, inayoeleza jinsi mafaili yanavyopangwa katika CD.

Ili faili hilo lisomeke kama diski, yahitajika programu ya kuuaminisha mfumo kwamba diski halisi imeingizwa. Programu hiyo ina sehemu mbili. Ya kwanza ni dirisha alionalo mtumiaji. Ya pili imejificha ndani ya mfumo, nayo ndiyo inayojibu kila mfumo unapouliza, "Diski iko wapi?" Kuanzia Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, uwezo huu umo ndani ya mfumo wenyewe. Windows XP ya mwaka 2001 na Windows 7 ya mwaka 2009 hazina uwezo huo, na hapo ndipo matatizo huanza.

3.0 Utata wa Istilahi

Kiingereza hutofautisha "drive", yaani kifaa kinachobeba au kusoma diski, na "driver", yaani programu inayouwezesha mfumo kuwasiliana na kifaa hicho. Kwa kuwa maneno hayo yote mawili hufasiriwa kwa kitenzi "endesha", mara nyingi Kiswahili huishia na neno moja: kiendeshi. Kifaransa kilipita njia nyingine. Kifaa huitwa "lecteur", yaani msomaji, na programu huitwa "pilote", yaani rubani. Kwa hiyo mwalimu wetu wa Buleusa, asomaye menyu za Kifaransa, anao mpaka wa maana ambao maelekezo ya Kiswahili humfutia.

Athari zake si za nadharia tu. Fundi anapomwambia kwa simu, "Futa kiendeshi, kisha ukiweke upya," fundi anakusudia programu. Mwalimu anaweza kuelewa kuwa anaambiwa afute diski D, ambamo zimo alama za wanafunzi za miaka mitatu. Sentensi ni moja, na kila mmoja ameielewa sawasawa kwa upande wake.

Tunapendekeza basi kifaa kiitwe kisomeo, kwa mfano wa kipimio, na programu iitwe kiendeshaji, ambapo kiambishi -ji huonyesha mtenda. Mtu aweza kupinga kwamba diski kuu haisomwi tu, bali huandikwa pia. Pingamizi hilo ni la haki. Hata hivyo, kwa CD na DVD, halisi au pepe, neno hili linatosha, na diski kuu yafaa iendelee kuitwa diski.

4.0 Kutafuta Hitilafu

Tukiwa na istilahi hizi, utafutaji wa hitilafu hugeuka kuwa maswali matatu yanayofuatana.

4.1 Je, faili ni zima? Fleshi nyingi hupangwa kwa mtindo wa FAT32, ambao hauwezi kuhifadhi faili linalofikia gigabaiti 4. Taswira ya DVD iliyojaa huzidi kiasi hicho. Linganisha kwanza ukubwa wa faili la asili na ule wa nakala. Ukitofautiana, kosa haliko katika kompyuta ya mwalimu.

4.2 Je, kiendeshaji kimekubaliwa? Fungua orodha ya vifaa vya mfumo. Alama ya manjano ikifuatana na namba 52 ina maana kwamba sahihi ya kiendeshaji haikutambuliwa. Windows 7 ya biti 64 hukataa kiendeshaji kisicho na sahihi, na isipopata masahihisho yaliyotolewa mwaka 2015 na 2019 haizitambui sahihi mpya za aina ya SHA-2. Dawa ni kuweka masahihisho hayo au kutafuta toleo la programu la wakati wa mfumo wenyewe. Namba hizi zina faida kubwa katika mazungumzo ya simu, kwani hazibadiliki kutoka lugha hadi lugha.

4.3 Je, kisomeo kimeonekana na kusomeka? Huenda kiendeshaji ni kizima, lakini herufi ya kisomeo imegongana na ya fleshi. Badili herufi. Aidha, Windows XP haisomi diski zilizopangwa kwa mtindo wa UDF 2.50. Katika hali hiyo kuweka programu upya hakusaidii kitu.

Yote yakishindikana, iko njia isiyohitaji kiendeshaji kabisa. Programu ya 7-Zip hufungua taswira ya ISO kama kifurushi na kuyatoa mafaili yaliyomo. Programu chache zinazodai diski halisi zitagoma, lakini kamusi na masomo ya kawaida husomeka.

5.0 Hitimisho

Msaada wa Microsoft kwa Windows XP ulikoma tarehe 8 Aprili 2014, na kwa Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Watumiaji wa mifumo hii hutegemea maelekezo ya wenzao, na maelekezo hayo hutolewa kwa Kiswahili. Waundaji wa istilahi hawana budi kulipima kila neno kwa swali hili: je, mtu aliye mbali, asiyeiona kompyuta, akilitamka neno hilo katika simu, msikilizaji atagusa kitu kilekile? Kiendeshi hakijafaulu mtihani huo. Hadi istilahi zitakapotengana, fundi na aseme "programu" au "diski" waziwazi, na kabla ya neno "futa" aseme kwanza "nakili".