Kuuzoesha Mguu Soli Mpya

Katika Wilaya ya Chemba, kaskazini ya mji wa Dodoma, watu wengi huenda shambani, malishoni na mnadani kwa miguu. Katambuga za mpira wa gari huwakinga na miiba, lakini hazifuati umbo la unyayo. Kwa mguu wenye afya hilo si tatizo kubwa. Bali kwa mguu uliopotoka, au uliopoteza hisi kwa sababu ya ukoma au kisukari, laweza kuwa chanzo cha kidonda, na pengine cha kukatwa mguu. Mtu wa namna hiyo huhitaji soli ya ndani iliyotengenezwa kwa kipimo cha mguu wake mwenyewe. Mafundi wa kazi hiyo hufunzwa katika chuo cha TATCOT, kilichoanzishwa mwaka 1981 katika hospitali ya KCMC, Moshi.

Kazi ya soli

Umbo la unyayo huchukuliwa kwa plasta, na soli hufinyangwa kulifuata. Faida yake huelezwa na kanuni ya fizikia: kanieneo ni kani igawanywe kwa eneo. Tuchukue mwanafunzi wa kilo 50, ambaye uzito wake ni nyutoni 500 hivi. Akisimama kwa mguu mmoja, na uzito ukaenea katika sentimita za mraba 100, kila sentimita ya mraba hubeba nyutoni 5. Uzito huo ukiangukia kisigino peke yake, chenye sentimita za mraba 25, kila moja hubeba nyutoni 20, yaani mara 4 zaidi. Soli iliyofuata umbo la unyayo huongeza eneo, hivyo hupunguza kanieneo.

Kwa nini taratibu?

Uzito uliopunguzwa mahali pamoja huhamia pengine. Misuli na kano zilizokuwa zimestarehe huanza kufanya kazi, nazo huuma kama mikono ya mkulima aliyeshika jembe baada ya kiangazi kirefu. Kwa hiyo soli huvaliwa kwa muda wa saa moja au mbili siku ya kwanza, kisha huongezwa saa moja hivi kila siku. Aghalabu mguu huzoea baada ya majuma 2 hadi 4. Safari ndefu na zingoje mpaka hapo.

Uchovu mdogo wa misuli hupita wenyewe. Lakini maumivu ya mahali pamoja, au lengelenge, ni dalili kwamba soli haikukaa sawa. Mgonjwa airudishe kwa fundi, wala asiichonge mwenyewe kwa kisu.

Mguu usiohisi

Hapa ndipo penye hatari. Dawa za ukoma huua vijidudu, lakini mishipa ya fahamu iliyokwisha kufa haifufuki. Mgonjwa aliyepona aweza kutembea juu ya lengelenge, au mwiba ulioingia kiatuni, asijue. Maumivu, ambayo ndiyo mlinzi wa mguu, hayapo. Basi jicho na mkono hushika nafasi yake.

Mtu huyo aanze kwa nusu saa tu. Kabla ya kuvaa, akung'ute kiatu na kupapasa ndani. Akivua, atazame unyayo wote, kwa kioo ikibidi, na kulinganisha joto la miguu miwili kwa mgongo wa mkono. Katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani upesi. Joto na uvimbe hutambulika zaidi. Alama au joto lisilotoweka baada ya nusu saa humtaka aiache soli hiyo na kwenda kituo cha afya.

Ukoma waweza kufisha hisi za mikono pia. Hapo ndugu au kijana wa nyumbani amsaidie kukagua kila jioni, hata baada ya soli kuzoeleka: kuzoea kwa misuli hakurudishi hisi.