Ukuta wa Yeriko haukuanguka siku ya kwanza

Mtaa wa Jericho, katika eneo la Eastlands jijini Nairobi, una jirani uitwao Jerusalem. Mkazi wa huko aweza kutoka Jerusalem akashuka Jericho kwa miguu, kama yule msafiri wa mfano wa Msamaria mwema. Majina haya yamezoeleka mno hata watu huyatamka kila siku ndani ya matatu bila kukumbuka yalikotoka. Leo yafaa tuyakumbuke, kwani kisa cha Yeriko ya kale kina somo ambalo walimu na wanafunzi wa Jericho yetu wanalihitaji sana.

Kisa chenyewe kimo katika sura ya sita ya kitabu cha Yoshua. Wana wa Israeli waliamriwa wauzunguke mji ule wenye kuta imara mara moja kwa siku, muda wa siku sita, na watu wasipaaze sauti zao. Siku ya saba wakauzunguka mara saba, wakapiga ukelele, na ukuta ukaporomoka. Wahubiri wengi huikimbilia siku hiyo ya saba. Mimi nawaomba wasomaji watue kwanza katika siku ya tatu au ya nne. Siku hizo hapakuwa na jiwe hata moja lililotikisika. Watu waliamka, wakatembea, wakarudi kambini; kesho yake wakaamka tena. Huo ndio ukuaji wa kiroho katika sura yake ya kila siku.

Hakuna shaka kwamba sisi tunaipenda zaidi siku ya saba. Tunapenda mikutano ya injili yenye vipaza sauti, na kesha za Ijumaa. Katika shule zetu, mitihani inapokaribia, huandaliwa ibada ya watahiniwa. Wazazi hualikwa, na kalamu huinuliwa juu ziombewe. Ni desturi njema, wala siipingi. Lakini mwanafunzi anayeinua kalamu mkono wa kulia huku mwakenya umefichwa katika mkono wa shati amejidanganya mwenyewe kabla ya kumdanganya msimamizi.

Tusisahau yaliyotupata. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka wa 2015, matokeo ya watahiniwa zaidi ya 5,000 nchini yalifutwa kwa sababu ya udanganyifu. Mwaka uliofuata serikali ilikaza kamba, makasha ya karatasi za mtihani yakawekwa chini ya ulinzi mkali. Ni vigumu kuamini kwamba watahiniwa wote hao walikosa kuombewa. Walichokosa wengi wao ni mwendo wa kila siku: kusoma bila kusukumwa, kusema kweli katika jambo dogo, kukubali alama ndogo iliyo halali. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na uaminifu nao humalizwa vivyo hivyo, tone baada ya tone.

Wazee wetu katika imani walilielewa jambo hili. Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao chimbuko lake ni Gahini nchini Rwanda, ulipita Uganda na kufikia Kenya mnamo mwaka wa 1937. Wafuasi wake, waliojulikana kama Ndugu, walikutana mara kwa mara katika vikundi vidogo, wakalisoma Neno, wakaungama makosa yao mbele ya wenzao. Zaidi ya hayo, walijulikana kwa kurudisha walichoiba na kulipa madeni waliyoyakana. Jirani asiyewahi kuingia kanisani aliweza kuupima wokovu wao kwa kitu kilichorejeshwa mlangoni pake. Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko, alifanya vivyo hivyo: aliahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu.

Je, mwalimu au mwanafunzi wa leo aanzie wapi? Kwanza, atenge muda mfupi asioukosa. Nyumba nyingi za mitaa yetu ni ndogo na zina watu wengi. Utulivu haupatikani ila alfajiri, kabla redio ya jirani haijawashwa. Bwana Yesu mwenyewe aliamka kungali giza akaenda kuomba mahali pasipo na watu. Injili ya Marko ina sura 16. Anayesoma sura moja kwa siku huimaliza kwa muda wa wiki mbili na ushei. Biblia nzima ina sura 1,189. Sura nne kwa siku huimaliza kabla ya mwaka kwisha. Haba na haba hujaza kibaba.

Pili, awe na wenzake wawili au watatu wa kuulizana kila wiki, bila kuoneana haya: umeomba? Umesema kweli? Tatu, alipe anachodaiwa, liwe deni la dukani au kitabu cha maktaba kilichokawia nyumbani. Naye mwalimu asidhani kwamba kuingia darasani kwa wakati na kusahihisha madaftari kwa haki ni kazi ya mshahara tu. Ni sehemu ya ibada yake, na wanafunzi huisoma kuliko mahubiri yake.

Wapo watakaosema kwamba ratiba huua roho, na kwamba imani ya saa na kalenda ni ya Mafarisayo. Hofu yao ina msingi, kwani Bwana Yesu aliwakemea waliosali ili waonekane na watu. Hata hivyo, dawa aliyotoa ni kusali chumbani, mlango ukiwa umefungwa. Hakusema tuache kusali. Tena wana wa Israeli hawakuuangusha ukuta kwa miguu yao. Aliyeuangusha ni Mungu, nao walikuwapo kwa sababu hawakukata tamaa siku ya nne.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ikiwa umeomba juma hili na huoni badiliko lolote, usibabaike. Kesho asubuhi amka, uuzunguke ukuta wako tena.